Usiulishe mtambo wa bayogesi kwa pupa

Nakamua juisi Kawangware, na msimu wa maembe maganda hujaa ndoo nane kwa siku. Nilipowekewa mtambo wa bayogesi, ule wa mfuko wa plastiki unaogeuza uchafu kuwa gesi ya kupikia, nikajua nimepata pa kumaliza uchafu wote. Fundi alinionya nianze na ndoo moja. Nikamimina nane. Kesho yake nane tena. Nani ana subira na nzi wanawafukuza wateja?

Siku ya tano moto ukaanza kurukaruka, buluu ikafifia, jiko likazimika. Na mfuko umefura vilevile! Nikaenda kwenye tundu la kutolea tope, nikapokewa na harufu ya siki iliyonitoa machozi.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Humo ndani kuna bakteria wanaovunja maganda yakawa asidi, na hao wana mbio. Wengine huigeuza asidi hiyo kuwa methani, gesi yenyewe inayowaka, nao huenda polepole. Embe ni sukari tupu. Ukilimwaga kwa wingi, wa kwanza wanawazamisha wenzao kwenye asidi. Gesi inayojaa mfuko basi ni kabonidioksidi zaidi, na hiyo haiwaki hata ukimaliza kiberiti kizima.

Niliacha kabisa kuweka maganda kwa wiki tatu. Nikaomba kinyesi kibichi cha ng'ombe kwa mfugaji wa Dagoretti, nikakikoroga na maji nusu kwa nusu kama uji, ndoo moja kila baada ya siku moja, na chokaa kidogo sana ya kupunguza asidi. Karatasi ya kupimia asidi ilisoma 5 mwanzoni; namba ikishuka chini ya 7, asidi imezidi. Ilipokaribia 7, moto wa buluu ukarudi. Karatasi hizo ni bei rahisi, nunua kabla ya jiko.

Sasa naweka ndoo moja ya maganda yaliyokatwakatwa, nusu ya kinyesi, na maji. Ya machungwa siweki, mafuta yake huwadhuru bakteria. Kokwa zinaziba bomba tu. Julai napunguza zaidi, maana bakteria hawa hupenda joto la nyuzi 35 hivi, na baridi ya Nairobi mwezi huo mnaijua.

Ndoo saba zinazobaki huchukuliwa na mfugaji wa nguruwe wa Uthiru. Nguruwe wake hawajawahi kulalamikia asidi.