Nataka kuacha kazi benki nikifika miaka 50. Hela zangu zinatosha?

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 46, ni mkuu wa kitengo katika benki moja hapa Dar es Salaam. Mshahara wangu baada ya kodi na NSSF ni milioni 6.8. Nimechoka. Malengo yanapanda kila robo mwaka, simu za kazi zinanifuata hadi msibani, na daktari ameshaniandikia dawa za presha. Nataka kuacha nikifika 50, nirudi kwetu Muheza nilime machungwa. Nina milioni 140 UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja) na kwenye hatifungani za serikali (mkopo unaoipa serikali ikulipe riba), naongeza milioni 1.5 kila mwezi. Nina viwanja viwili Mapinga, dalali anasema kila kimoja ni milioni 35. Nyumba ya Goba ina mkopo wa wafanyakazi: zimebaki milioni 85 na miaka 12, riba asilimia 7. NSSF nachangia tangu 2004. Watoto ni wawili, mmoja kidato cha pili, mwingine darasa la tano. Mume wangu ana duka la vipuri Tegeta. Naona milioni 3 kwa mwezi zitatutosha. Lakini nimesoma kwamba lazima uwe na mara 25 ya matumizi ya mwaka, yaani milioni 900, nikakata tamaa. Mume wangu bado sijamwambia. Nifanyeje?
Mchovu wa Goba

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa presha.

Nikujibu moja kwa moja. Benki unaweza kuiacha ukifika 50. Kuacha kuingiza kipato ukifika 50, kwa hesabu hizi, huwezi. Barua yako imeyafanya hayo mawili kuwa kitu kimoja, na nadhani ndiyo maana umekata tamaa mapema.

Hiyo milioni 900 usiiogope sana. Hesabu ya mara 25 ilitokana na kazi ya mshauri wa fedha Mmarekani, William Bengen, mwaka 1994. Alichukua historia ya hisa na hatifungani za Marekani, akapima kama mstaafu anayetoa asilimia 4 ya akiba yake (sehemu moja kati ya 25) mwaka wa kwanza, kisha akiongeza kadiri bei zinavyopanda, atafika miaka 30 bila kuishiwa. Kazi nzuri, ila ni ya soko lao. Huku kwetu hatifungani za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi, ingawa nazo hazitulii: ile ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 riba yake ilikuwa asilimia 15.95, na mwaka uliofuata mpya zikashushwa hadi 12.56. Kwa hiyo mimi nitahesabu faida ya asilimia 10 kwa mwaka, kwa tahadhari. Katika hiyo 10 tumia 6, na 4 iache ndani ikue. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4, bei huongezeka maradufu kwa miaka 18 hivi, na wewe ukifika 68 bado utahitaji kula.

Sasa tuangalie. Milioni 140 zikizaa hivyo, na ukaendelea kuweka milioni 1.5 kila mwezi, ukifika 50 utakuwa na kama milioni 288. Asilimia 6 yake ni milioni 1.4 kwa mwezi. Wewe unataka 3. Umefika karibu nusu ya njia, na kwa mtu wa miaka 46 hilo si dogo.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni mkopo. Wewe ni mtu wa benki, unajua ninachotaka kusema, ila kwenye barua hukukisema: asilimia 7 ni riba ya mfanyakazi. Siku ukiacha ufanyakazi, mikataba mingi ya aina hiyo inakuhamishia riba ya soko. Leo unarejesha kama 874,000 kwa mwezi. Ukifika 50 utakuwa unadaiwa takriban milioni 64 na miaka 8 mbele. Wakikupandishia hadi asilimia 16, rejesho linakuwa karibu 1,190,000, tena mwezi uleule ambao mshahara haupo. Sehemu kubwa ya hela ya akiba inayokutunza itaishia kwenye nyumba, na chakula mtatafuta kwingine. Nenda kasome mkataba wako wiki hii, kifungu cha kuacha kazi.

Tiba ya mkopo unayo Mapinga. Viwanja hivyo havikulipi kitu, na bei ya dalali si bei ya mnunuzi. Tuseme vimeuzwa milioni 25 kila kimoja baada ya kubembelezana, udalali na kodi ya TRA. Usikimbilie kulipa mkopo na hizo milioni 50 leo, maana riba ya 7 ni nafuu kuliko faida unayoweza kuipata. Ziweke kwenye mfuko peke yake, usizichanganye na akiba yako. Kwa asilimia 10 zitafika kama milioni 73 ukiwa na 50, nawe unafunga mkopo wote mwezi wa kuondoka na hati ya nyumba unaichukua. Ila anza kuuza sasa. Kiwanja kinaweza kukaa sokoni mwaka mzima, na anayeuza kwa haraka hupangiwa bei.

Nimepitia zile milioni 3 zako nikitafuta jambo moja, sikuliona. Mama yako hayumo. Wala wadogo zako, wala mtoto wa kaka anayesomeshwa na shangazi yake wa benki. Hukuniandikia kuhusu hao, lakini sijawahi kumjua mkuu wa kitengo asiye nao. Mshahara wa milioni 6.8, ukitoa mkopo na akiba, unabakiza milioni 4.4, na zinaisha. Zinakwenda wapi? Chukua taarifa za simu yako za miezi sita, za kutuma pesa, ujumlishe kwa jina la mtu. Halafu kaa na kila mmoja mapema, miaka minne kabla, umwambie utakachoweza kuendelea nacho na utakachoacha. Mama utaendelea naye, hilo nalijua. Mdogo wako mwenye nguvu zake mpe mwaka wa mwisho na umtajie tarehe. Wengi wanaorudi kazini wakiwa na miaka 57, kwa mshahara wa nusu, hawakurudishwa na chakula chao wenyewe.

Bima nayo. Sasa hivi kadi ya kazini inawatibu wanne, na wewe una presha. Ulizia NHIF na kampuni binafsi ukiwa bado na ajira: familia yako itagharimu kiasi gani, na ugonjwa ambao mtu tayari anao unasubiri muda gani kabla ya kulipiwa. Usiache kadi moja kabla nyingine haijaanza kazi.

Kuhusu NSSF, umri wa hiari ni 55 na wa lazima ni 60, na sharti la michango ni miezi 180, ambayo umeshaipita. Kwa hiyo kati ya 50 na 55 hakuna pensheni. Usitegemee fao la upotevu wa ajira pia, kwa sababu anayeacha kazi mwenyewe halipati. Na kiinua mgongo cha kisheria hulipwa mwajiri anapokuachisha, si unapoandika barua mwenyewe. Omba taarifa ya michango yako yote tangu 2004, ukague mwezi kwa mwezi. Kama uliwahi kuwa na mwajiri mwingine kabla ya huyu, angalia hasa miezi yake: wapo waliokatwa kwenye mshahara na mchango haukufika. Kufuatilia hilo ukiwa kazini ni rahisi kuliko ukiwa Muheza.

Hivyo miaka mitano ya kati ndiyo inayohitaji mpango. Ukifika 50, mkopo umefungwa, tafuta kazi nyepesi itakayolipa matumizi ya nyumbani tu: kusimamia SACCOS, kufundisha chuoni mara chache kwa wiki, kutengeneza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wa Tegeta wanaosumbuka na TRA. Lengo ni milioni 3, pamoja na kinachotoka dukani kwa mumeo. Akiba usiiguse. Ikikaa hivyo hadi 55, bila wewe kuongeza hata shilingi, inafika kama milioni 464, na asilimia 6 yake ni milioni 2.3 kwa mwezi. Hapo pensheni inaingia juu yake, na mkubwa ameshamaliza chuo. Huo ni ustaafu wa kweli, tena miaka mitano kabla ya wenzako. Ukifika huko, mfuko wa Hatifungani wa UTT una utaratibu wa kulipa gawio kila mwezi, nao wa Ukwasi unafaa kwa hela ya dharura ya miezi sita hivi.

Machungwa panda sasa. Mchungwa wa kubebesha huchukua miaka 3 au zaidi kuanza kuzaa, kwa hiyo ukipanda ukiwa na 50 utakuwa unalipa wapalizi bila kuvuna. Usikopee shamba, na usiliweke kwenye hesabu ya kipato hadi umeuza msimu wa kwanza.

Lakini yote haya hayasogei bila mumeo. Binti yangu, duka lake liko Tegeta na wewe unapanga Muheza. Yeye akisikia umeshaamua, atauliza kwa haki kabisa kama na yeye yumo kwenye huo mpango. Mwambie kwanza kuhusu uchovu na presha, kabla ya kuleta karatasi. Kisha mfanye jaribio pamoja: miezi sita mkiishi kwa milioni 3, ada na mama ndani yake, kinachozidi kiende kwenye akiba. Mkishindwa mwezi wa pili, mmejifunza wakati mshahara bado upo.

Na afya haiwezi kusubiri 50. Sheria inakupa siku 28 za likizo kwa mwaka, zichukue zote, simu ya kazi uikabidhi. Uliza pia kama kuna kitengo kisicho na malengo ya mauzo, hata kwa mshahara mdogo kidogo. Daktari akisema presha haishuki, tarehe ya kuacha inasogezwa karibu na hesabu tunazipanga upya. Usinyamaze eti kwa sababu milioni 288 hazijatimia.

Kabla ya barua ya kuacha, hakikisha bonasi ya mwaka imeingia, muda wa notisi unaujua, siku za likizo zilizobaki zimehesabiwa kwenye malipo, na majina ya wote uliowadhamini kwenye SACCOS ya kazini yamepata mdhamini mwingine. Ukishapata taarifa ya NSSF na kile kifungu cha mkopo, niandikie tena.

Shangazi