Laurel na Hardy bado wanachekesha kwa nini

Umeuliza watu wanaona nini kwa Laurel na Hardy, wale wachekeshaji wawili wa sinema za zamani, filamu za miaka ya 1930 tena nyeusi na nyeupe. Mi naona siri ni kutokuwa na haraka bana, Hardy akishadondokewa na kitu hapigi kelele, anageuka kwanza anakuangalia wewe mtazamaji kama anakushtakia mwenzake, na hapo ndo mbavu zinakatika. Cheki filamu yao The Music Box ya 1932, wanapandisha piano kwenye ngazi ndefu huko Los Angeles, inawaponyoka inashuka mpaka chini, wanaanza upya, unajua kabisa itashuka tena na bado unacheka (ilibeba Oscar hiyo). Afu wanagombana kutwa nzima ila hawaachani. Hata ukizima sauti unaelewa kila kitu.