Kabla hujakusanya gadi kumi, jifunze kuirudisha moja

Katika aina nyingi za mieleka, ukishaangushwa chali habari yako imekwisha. Jiu-jitsu ya Kibrazili inasema hapana: maadamu miguu yako bado iko kati yako na mpinzani, mechi ni mbichi. Hapo ndipo tunaposema uko kwenye gadi. Waliotazama UFC 4, mashindano ya mapambano yaliyochanganya mitindo, Desemba 1994, walimwona Royce Gracie, mpiganaji wa jiu-jitsu, akikandamizwa kwa zaidi ya dakika 15 na Dan Severn, mwanamieleka aliyemzidi uzito kwa zaidi ya kilo 30. Kwa jicho la kawaida Royce alikuwa hoi. Aliyegonga kusalimu amri ni Severn, shingo ikiwa imenaswa katika kabali ya pembetatu, kabali inayopigwa kwa miguu na mtu aliye chini.

Shida ya leo ni wingi. Kuna gadi ya kufunga, hafu gadi, gadi ya kipepeo, ya buibui, ya X, ya De la Riva, na kila mwezi mtu anatoa video ya mpya. Mwenye mkanda mweupe, yaani anayeanza, anaitazama usiku, kesho yake anataka kuipiga mkekani. Wapo niliofanya nao mazoezi ambao wangeweza kukutajia majina yote hayo bila kigugumizi, lakini ukiwashika suruali magotini na kuchepuka pembeni, umeshawapita, yaani umeivuka miguu yao. Ushauri wangu haupendwi sana na vijana: chagua gadi mbili, ya kufunga na hafu, halafu muda mwingi uliobaki utumie kujifunza namna ya kuirudisha gadi inapoanza kukuponyoka.

Tazama tu pointi zinavyotolewa katika mashindano ya IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Kibrazili. Kumwangusha mtu kutoka wima ni pointi 2. Kumpindua ukiwa chini, yaani ukatoka kwenye gadi yako na kuwa juu, ni 2 pia. Lakini anayeipita gadi yako na kukudhibiti kwa sekunde 3 anapewa 3. Walioandika sheria wanajua kazi ngumu iko wapi.

Nianze na ya kufunga, miguu imezunguka kiuno chake na vifundo vimepishana mgongoni. Wanaoanza huibana kwa mapaja kama koleo, na baada ya dakika mbili mapaja yanatetemeka huku mpinzani amekaa wima, anapumua zake. Kubana hakumsumbui. Kinachomsumbua ni kuvunjiwa mkao. Subiri anapojaribu kunyoosha mgongo, mikono yake ikiwa kifuani au kiunoni kwako, kisha vuta magoti yako kuelekea kifua chako mwenyewe. Mikono yako isifanye kazi hiyo ya kuvuta; kazi yake ni kudaka kichwa au kiwiko akishaporomoka. Sasa kuna jambo ambalo mwalimu wangu alilirudia mpaka likanikera: usibaki umelala sambamba naye. Tia mguu mmoja kwenye nyonga yake, sogeza makalio pembeni kidogo, umtazame kwa mshazari. Kufuli la mkono na kabali ya pembetatu huishi kwenye mshazari huo. Ukilala sambamba naye utavuta mkono wake mpaka ujioneshe mjinga.

Zuri la gadi hii ni kwamba majibu yake yamefungamana. Ukiinuka kumsukuma kwa nyonga ili umpindue, akaegemeza mkono chini kujizuia, mkono huo ndio wa kukamata kimura, kufuli linalopindisha bega. (Jina hilo linatokana na Masahiko Kimura, mwanajudo Mjapani aliyemshinda Hélio Gracie, baba yake Royce, kwa kufuli hilo huko Brazil mwaka 1951. Waliopigwa nalo ndio walioliita kwa jina la aliyewapiga, heshima ya aina yake.) Akiuficha mkono na kuinamisha kichwa mbele, shingo iko wazi kwa kabali ya gilotini, mkono ukiizunguka kutoka mbele. Mashambulizi matatu, na kila moja linafungua njia ya jingine. Hayo yanatosha kwa muda mrefu.

Hafu gadi ndiyo nyumbani kwangu, kwa sababu nina miguu mifupi na vifundo vyangu havifiki mgongoni kwa watu wanene. Zamani ilionekana kituo cha mwisho kabla ya kupitwa, mpaka Roberto Correa, anayejulikana zaidi kwa jina la Gordo, alipoumia goti akalazimika kuikalia na kuigeuza mahali pa kushambulia. Umenasa mguu wake mmoja kati ya miguu yako. Swali ni umelalaje. Ukilala chali kabisa, atakuwekea bega shavuni, uso utageukia upande, na uso ukishageuka mwili wote unafuata. Kwa hiyo lala ubavu. Mkono wako wa juu upite chini ya kwapa lake ushike mgongo, kichwa chako kijibanze kifuani pake chini ya kidevu, na mkono wa chini uzuie kile kiganja kinachotafuta shavu lako. Vita vyote vya hafu gadi vinapiganwa hapo kwapani. Ukishinda kwapa, unaweza kutambaa kuelekea mgongoni mwake au kuinuka kwa magoti na kumwangusha. Ukilipoteza, weka goti la juu kifuani mwake kama ngao, ujipe nafasi, uanze tena.

Gadi za wazi nitazipita haraka, kwa kuwa zinategemea sana maumbile na vazi. Buibui inataka mikono ya gi, lile vazi zito la mazoezi, ya kushika. Bila gi haipo. Kipepeo, ambayo unakaa na kulabu za miguu ndani ya mapaja yake, inawafaa wafupi. De la Riva, mguu ukiviringisha mguu wake wa mbele kwa nje, inawapendelea wenye miguu mirefu. Kanuni ninayoitumia kwa zote ni moja: una mikono miwili na miguu miwili, na angalau vitatu kati ya hivyo viwe vimemgusa mpinzani wakati wote. Ukibaki na viwili, yuko njiani kupita.

Na atapita, ndiyo maana nasisitiza kurudisha. Kiwiko na goti visiachane. Upenyo kati yake ndio mlango anaoutafuta. Akianza kuzunguka, usimfukuze kwa miguu. Weka mkono wa mbele shingoni mwake na mwingine kwenye nyonga yake, viwiko vimekunjwa ili mifupa ibebe uzito badala ya misuli, kisha uchepushe kiuno nyuma na kuingiza goti. Zoezi lililonifaa kuliko yote ni kumwomba mwenzangu aanze akiwa amekaribia kupita, goti lake moja limeshavuka, nami nipambane kutoka hapo. Mnaanza pabaya makusudi. Mara nyingi utapitwa, mnarudia. Omba pia mzito kuliko wewe, lakini mstaarabu, na ukihisi goti linapinda upande usiotakiwa, gonga mapema.

Jambo la mwisho, hasa kwa wanaofikiria mapambano yenye ngumi: gadi ina mlango wa nyuma, nao ni kusimama. Mpinzani akirudi nyuma hata hatua moja, kaa, mkono mmoja chini nyuma yako, mwingine mbele ya uso, mguu mmoja umsukume huku mwingine unaupitisha chini ya makalio, unainuka ukimtazama. Lifanyie mazoezi kila siku mwanzoni kabla ya kuchoka, maana mwishoni hakuna anayelikumbuka.