Friji ya gari inayozima usiku

Ndugu yangu, umeeleza kwamba friji yako ya volti 12 huzima usiku mnapopiga kambi katika hifadhi ya Kidepo, huko Karamoja, Uganda, ingawa betri imejaa, na unauliza kama ununue nyingine. Tafadhali usinunue bado. Friji ya kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupoza) ina kinga inayoizima volti zinaposhuka, na mara nyingi kosa huwa kwenye waya mwembamba wa soketi ya kuwashia sigara: kompresa ikianza kuvuta umeme, volti hupotea njiani, nayo friji huchukulia kwamba betri imekwisha. Pima volti kwenye betri na kwenye plagi wakati kompresa inanguruma. Betri ikisoma 12.6 na plagi 11.4, tatizo ni waya. Vuta mwingine mnene, wa milimita 6 za mraba, moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi uiweke karibu na betri. Plagi yangu niliikuta ya moto, plastiki imeanza kulainika, kwa hiyo nakusihi usichelewe.

Ukilazimika kununua, epuka zile ndogo zisizo na kompresa, kwani hupoza takriban nyuzi 20 tu chini ya joto la nje, na kwa jua la Karamoja maziwa ya watoto hayatakuwa salama.