Jibu: Nani aonwe kwanza usiku bila maabara?

Habari musawo (mhudumu wa afya). Umesema kituo chenu cha ngazi ya nne usiku hakina maabara, muuguzi ni mmoja, na hujui yupi kati ya watu wazima waliojaa kwenye benchi yuko hatarini zaidi.

Anza na fahamu. Anayeweweseka au haamki vizuri ndiye wa kwanza, hata presha yake iwe nzuri. Mimi natumia alama za UVA (Universal Vital Assessment), za kupima hatari ya mgonjwa mzima, zilizotokana na data za wagonjwa wa Afrika, Uganda ikiwemo. Fahamu ikipungua, alama 4. Joto chini ya 36, oksijeni chini ya 92% au kuwa na VVU, 2 kila kimoja. Mapigo ya moyo 120 kwa dakika kwenda juu, pumzi 30 kwa dakika kwenda juu, namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90, 1 kila kimoja. Jumla ikipita 4, tafuta rufaa mapema. Ona, kinachohesabiwa ni ubaridi, si homa tunayoikimbilia wengi.

Pumzi zihesabu dakika nzima. Ile 20 tunayomwandikia kila mtu bila kuhesabu haisaidii. Kipima oksijeni kikisoma chini, futa rangi ya kucha na pasha mkono, lakini usichelewe kumpa mgonjwa oksijeni. Watoto usiwapimie kwa alama hizi.