Sauti ya kompyuta inakwaruza: je, ninunue kadi mpya?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kompyuta ya mezani yenye Windows 10, ambayo sisi nyumbani huitumia kutazama filamu na kusikiliza muziki kupitia sabufa. Siku hizi sauti hupasuka-pasuka kama bisi zikiwa jikoni, na hata pasipo kuchezwa kitu chochote husikika mngurumo wa chini usiokoma. Fundi ameniambia kuwa kadi ya sauti imeungua na kwamba ninunue nyingine. Je, ni kweli? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, usitoe fedha kwanza. Katika kompyuta nyingi za mezani hakuna kadi ya sauti ya pekee. Kazi hiyo hufanywa na chipu ndogo iliyomo kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu wa saketi ndani ya kompyuta, na chipu ikiungua mara nyingi hunyamaza kabisa badala ya kupasuka-pasuka. Isitoshe, barua yako inaeleza kasoro mbili, na kila moja yaweza kuwa na chanzo chake.

Anza kwa kuchomoa sabufa na kuchomeka hedifoni nzima katika tundu lilelile, ambalo kwa kawaida huwa la kijani nyuma ya kompyuta. Mpasuko ukitoweka, kompyuta yako ni nzima na tatizo liko kwenye sabufa au waya wake. Ukibaki, punguza sauti ya programu unayochezea filamu. Programu kama VLC huruhusu sauti kupandishwa kupita asilimia 100, na hapo vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, kwa hiyo ngoma na besi hukwaruza hata kama spika ni za bei ghali. Iache programu kwenye 100 au chini yake, uondoe nyongeza yoyote ya besi, kisha uongeze sauti kwenye sabufa yenyewe.

Ikiwa sauti inapasuka hata ikiwa ndogo, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa fulani. Kompyuta hutayarisha sauti kwa mafungu madogo ya muda wa milisekunde chache, na programu nyingine ikikishika kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, fungu linalofuata huchelewa na sikio husikia pengo hilo kama mpasuko. Draiva ya Wi-Fi ni mkosaji wa mara kwa mara, hivyo izime Wi-Fi kwa dakika chache huku ukicheza wimbo uliohifadhiwa kwenye diski. Mpasuko ukikoma, tafuta draiva mpya ya Wi-Fi katika tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. Usipokoma, fungua orodha ya vifaa vya kompyuta (Device Manager), uondoe draiva ya sauti, kisha uiwashe kompyuta upya ili Windows iweke ya kwake. Ipo pia programu ya bure iitwayo LatencyMon, ambayo hutaja draiva inayochelewesha wenzake; ni afadhali kuliko kubahatisha.

Ukiwa hapohapo, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya spika iliyo karibu na saa, ufungue mipangilio ya sauti na sifa za spika zako. Zima viboreshaji vyote vya sauti, na ikiwa kipimo cha sampuli, yaani idadi ya vipande vya sauti kwa sekunde, kimewekwa 192,000, kishushe hadi 48,000, kwa kuwa muziki na filamu za kawaida hazihitaji zaidi ya hapo.

Mngurumo ni habari nyingine. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na sauti nzito isiyobadilika hutokana nao karibu kila mara. Chomoa waya wa sauti kwenye kompyuta huku sabufa ikiwa imewashwa. Mngurumo ukiendelea, huenda kapasita za sabufa zimechoka au waya umekatika ndani, na hiyo ni kazi ya fundi wa redio wala si ya kompyuta. Ukikoma, chomeka kompyuta na sabufa katika ekstensheni moja yenye ethi ili vyote viwili vitumie ardhi moja. Wapo watu wanaokata waya wa ethi ili kuuondoa mngurumo; usifanye hivyo hata kidogo, kwani ndio unaokukinga na shoti.

SWALI: Nikichomeka hedifoni kwenye kompyuta, kinanda na ngoma husikika vizuri, lakini sauti ya mwimbaji hutoweka. Hedifoni hizohizo kwenye simu hazina tatizo. Msomaji, Tanga.

JIBU: Pini yako haigusi ardhi ndani ya tundu, yaani mguso unaotumiwa kwa pamoja na upande wa kushoto na wa kulia. Sauti ya mwimbaji hurekodiwa kwa usawa katika upande wa kushoto na wa kulia, na mguso wa ardhi ukikosekana pande hizo mbili hufutana, hivyo vinabaki vile tu vinavyotofautiana. Sukuma pini hadi mwisho. Ikiwa ina mistari mitatu myeusi, yaani ni hedifoni yenye maikrofoni, wakati mwingine haikai sawasawa katika tundu la kompyuta lililotengenezwa kwa pini ya mistari miwili. Kiunganishi kinachotenganisha sauti na maikrofoni huondoa tatizo hilo, nacho hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya simu.