Hasira huingia mpira ukiwa umesimama

Mwaka wangu wa pili wa kucheza tenisi niliwahi kuongoza seti ya mwisho kwa magemu 5–2. Nikapiga sevu, yaani pigo la kuanzisha pointi, mbili mfululizo kwenye wavu, nikaanza kujitukana, nikabishana na mpinzani juu ya mpira ulioangukia mstarini, na dakika ishirini baadaye nilikuwa nafungasha mkoba, nimefungwa 7–5. Fremu ya raketi ilikuwa na ufa. Niliipasua mwenyewe.

Kwa muda mrefu niliilaumu sevu. Siku hizi nalaumu muda ambao mpira umesimama. Katika mechi, muda ambao mpira unachezwa kweli ni mdogo. Muda mwingi unatembea, unaokota mipira, unajifuta jasho. Mpira ukiwa unakujia huna nafasi ya kukasirika, unaukimbilia tu. Ukishasimama ndipo kichwa kinapoanza maneno.

Kwenye mashindano makubwa, mchezaji ana sekunde 25 kati ya pointi moja na nyingine. Wewe unayeanza, zifanyie mazoezi sekunde hizo kama unavyofanyia bekhendi, lile pigo la mgongo wa mkono. Mimi pointi ikiisha naupa wavu mgongo, maana uso wa mpinzani aliyetoka kunifunga haunisaidii kitu. Raketi naihamishia mkono wa kushoto ili wa kulia ulegee. Jichunguze siku umekasirika: vidole vimeubana mpini kama unakamua nguo, na mkono uliokaza hivyo haupigi sevu, unausukuma mpira tu. Naelekea nyuma ya mstari wa mwisho huku nikinyoosha nyuzi za raketi kwa vidole, hata kama hazijapinda, ili macho yapate kazi. Navuta pumzi kwa pua, naitoa polepole kwa mdomo. Kisha najiambia neno moja la kutenda, kwa mfano "bekhendi yake", yaani mpira niupeleke huko. Kamwe si "usikosee", kwa sababu hapo nitaanza kuliwaza kosa lenyewe. Mwisho nadundisha mpira mara nne. Kwa nini nne? Sijui, ilianza hivyo ikabaki.

Mwanzoni utajiona unaigiza. Igiza tu.

Usidhani kuna waliozaliwa watulivu. Björn Borg, aliyetwaa mashindano ya Wimbledon mara tano mfululizo kuanzia 1976 hadi 1980, alikuwa kijana wa kurusha raketi hadi akasimamishwa kucheza. Fainali ya 1980 dhidi ya John McEnroe alikosa pointi kadhaa za kumaliza mechi, akapoteza taibreki (gemu ya kuamua seti iliyofungana) ya seti ya nne 18–16. Mimi ningeanza kulia palepale. Yeye alirudi akashinda seti ya tano 8–6.

Kuna hesabu nyingine inayonipoza. Mwaka 2024 bingwa wa zamani Roger Federer aliwaeleza wahitimu wa chuo cha Dartmouth kwamba alishinda karibu asilimia 80 ya mechi zake 1,526 za mmoja mmoja, lakini pointi alizoshinda zilikuwa asilimia 54 tu. Kama yeye alipoteza karibu nusu, mimi nani nipasue fremu kwa pointi moja?

Mipira ya mstarini ndiyo inayowaumiza wanaoanza zaidi, kwa kuwa mechi zenu hazina mwamuzi na kila mtu huamua upande wake. Ukiwa na shaka, mpira ni wa ndani, mpe mwenzako. Akiita nje mpira uliouona ndani, muulize mara moja tu, "Una uhakika?" Akisema ndiyo, geuka uende zako. Na usipige mpira kwa hasira baada ya pointi kuisha. Bingwa Novak Djokovic alifanya hivyo kwenye mashindano ya US Open ya 2020, mpira ukampata mwamuzi wa mstari kooni. Hakukusudia, lakini aliondolewa mashindanoni.

Utulivu huu hauji kwa kuusoma. Mimi na mwenzangu wa mazoezi tuna makubaliano: katika kila seti ataita nje mipira yangu mitatu iliyo ndani, bila kunitajia ni ipi. Juzi aliita nje sevu iliyotua katikati kabisa ya boksi la sevu. Niliupa wavu mgongo, nikanyoosha nyuzi, nikapumua, nikaanza kudundisha. Nikapotea hesabu kwenye tatu. Nikaanza upya.